Hans Filbinger na Jalada la Baharia Gröger

Hii ni hotuba kamili iliyotolewa mbele ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Stuttgart na miji ya jirani. Tunaiweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mnaosoma vyuo vya hapa, karibuni sana.

Wengi wenu mnaishi katika jimbo hili la Baden-Württemberg. Mkienda ofisi ya wilaya kuhuisha kibali cha kuishi, au kubadilisha leseni ya udereva, mnaingia katika wilaya ambayo mipaka yake ilichorwa upya mwaka 1973. Kabla ya hapo jimbo lilikuwa na wilaya 63, zikabaki 35. Miji na vijiji vyenye halmashauri zake vilikuwa zaidi ya 3,300, vikaunganishwa hadi kufikia 1,111. Aliyesimamia kazi hiyo akiwa waziri mkuu wa jimbo ni Hans Filbinger, mtu wa CDU, chama cha kihafidhina. Alitawala kuanzia Desemba 1966 hadi Agosti 1978. Mwaka 1976 chama chake kilipata asilimia 56.7 ya kura chini ya uongozi wake. Kulikuwa na watu waliomtaja kuwa anafaa hata kuwa rais wa nchi.

Miaka miwili baada ya ushindi ule, akaachia ngazi. Kilichomng'oa ni makaratasi ya mwaka 1945, na jinsi alivyoyajibu. Leo nataka tuyafuate makaratasi hayo moja baada ya jingine, na kila tunapofika kwenye karatasi tuulize swali moja tu: saini ni ya nani?

Filbinger alizaliwa Mannheim tarehe 15 Septemba 1913, akalelewa katika dini ya Kikatoliki, akasoma sheria Freiburg, München na Paris. Alikuwa katika umoja wa vijana Wakatoliki ambao Wanazi hawakuupenda. Watetezi wake hulitaja sana jambo hilo, na ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba mwaka 1935 aliandika makala katika jarida la umoja huohuo, akisifu sheria mpya ya jinai iliyokusudia kuilinda jamii ya damu moja dhidi ya wale walioitwa waharibifu. Mwaka 1937 akaingia chama cha Nazi. Alikuwa na umri wa miaka 23, mwanasheria kijana anayetaka kazi serikalini. Mwaka 1940 akaingia jeshi la majini, na mwaka 1943 akapelekwa kwenye mahakama za jeshi hilo. Kituo chake cha mwisho kilikuwa Norway, nchi iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani.

Sasa sikilizeni mahakama hizo zilivyofanya kazi, kwa sababu bila kuelewa hilo hamtaelewa kesi yenyewe. Mahakama ya kivita ilikaa na watu watatu: jaji mmoja mwanasheria na wanajeshi wawili waliokaa pembeni yake, mfano wa wazee wa baraza katika mahakama zetu za Tanzania. Mwendesha mashtaka naye alikuwa mwanasheria wa jeshi. Leo anashtaki, kesho anakaa kiti cha jaji katika kesi nyingine. Filbinger alifanya kazi zote mbili, katika kesi zaidi ya 200. Hakukuwa na rufaa. Hukumu ilipelekwa kwa kamanda mwenye mamlaka ya kisheria, naye aliithibitisha au aliikataa. Akiikataa, kesi ilianza upya mbele ya mahakama nyingine. Yaani mshtakiwa hakuwa na pa kukata rufaa, lakini kamanda aliyeona adhabu ni ndogo alikuwa na njia ya kuipandisha. Mfumo ulikuwa na mlango mmoja tu wa kurudisha kesi nyuma, na ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa jeshi.

Ndani ya mfumo huo akaingia baharia mmoja anayeitwa Walter Gröger.

Gröger alizaliwa mwaka 1922 huko Silesia, eneo lililokuwa la Ujerumani wakati huo. Desemba 1943, akiwa Oslo, hakurudi kikosini. Alijificha kwa majuma kadhaa nyumbani kwa mchumba wake, mwanamke wa Kinorway, na wawili hao wakapanga kuvuka mpaka kuingia Sweden, nchi ambayo haikuwa vitani. Hawakufika mpakani. Alikamatwa palepale Oslo. Hakuua mtu, hakuuza siri, hakuiba silaha. Kumbukumbu zake za nidhamu jeshini hazikuwa safi, na hilo lilikuja kutumiwa dhidi yake.

Tarehe 14 Machi 1944 mahakama ilimhukumu miaka 8 ya kifungo chenye kazi ngumu. Angalieni vizuri hapa. Mahakama ya Hitler, kwa sheria za Hitler, ilimwona Gröger ana hatia ya kutoroka jeshini, na bado ikampa miaka 8. Iliwezekanaje? Iliwezekana kwa sababu sheria ya kijeshi haikusema kwamba kila mtoro lazima auawe. Mwongozo alioutoa Hitler mwenyewe tarehe 14 Aprili 1940 ulitaja mazingira ya kutoa adhabu ya kifo: mtu aliyetoroka kwa kuogopa kufa, au aliyetorokea nje ya nchi au kujaribu kufanya hivyo, au pale nidhamu ya kikosi ilipodai. Ulitaja pia mazingira ya kutotoa kifo: utovu wa fikra wa ujana, matatizo ya nyumbani, kutendewa vibaya kazini, au sababu nyingine zisizo za aibu. Baadaye Admiral Karl Dönitz, mkuu wa jeshi la majini, alitangaza kwamba watoro wasitarajie huruma yake. Shinikizo lilikuwepo, na lilikuwa kubwa. Hata hivyo jaji wa kwanza alipata pa kupita.

Tarehe 1 Juni 1944 makao makuu ya jeshi la majini yakaifuta hukumu ile kwa sababu yalitaka adhabu ya kifo. Kesi ikarudi mwanzo. Tarehe 16 Januari 1945 ikasikilizwa tena mjini Oslo, na safari hii kiti cha mwendesha mashtaka kilikaliwa na Hans Filbinger. Akaomba adhabu ya kifo. Mahakama ikampa alichoomba.

Saini ni ya nani? Hukumu ni ya jaji mwingine. Ombi la kifo ni la Filbinger.

Wakili wa utetezi akaandika ombi la msamaha. Likakataliwa Berlin. Karatasi za uthibitisho zikarudi Oslo mwezi Machi. Wakati huo Warusi walikuwa wamesimama kwenye mto Oder, kilomita kama 60 au 70 kutoka Berlin, na Wamarekani walikwisha kuvuka mto Rhein kwenye daraja la Remagen. Posta haikuwa ya uhakika, mafaili yalikuwa yakipotea, ofisi zilikuwa zikihama. Karatasi kulala mezani kwa wiki kadhaa isingemshangaza mtu. Hii haikulala. Tarehe 15 Machi Filbinger aliweka saini amri ya kutekeleza hukumu siku iliyofuata, na jina la afisa wa kusimamia utekelezaji huo lilikuwa lake mwenyewe. Tarehe 16 Machi 1945, alasiri, Gröger akasomewa kwamba hukumu imethibitishwa. Yapata saa mbili baadaye, saa 10 na dakika 2, akapigwa risasi katika ngome ya Akershus. Alikuwa na miaka 22. Kutoka siku hiyo hadi Ujerumani iliposalimu amri zilibaki siku 53.

Ndugu zangu, kuna jibu ambalo Filbinger alilitoa tangu mwanzo hadi kufa kwake, na ni haki tulisikie. Alisema alikuwa amefungwa na amri. Mwendesha mashtaka wa jeshi alipaswa kuomba adhabu aliyoelekezwa na kamanda, na kamanda alikwisha kusema anataka kifo. Kisheria, sehemu hiyo ni sahihi. Lakini je, alielekezwa kuharakisha? Alizuiwa kuandika hata mstari mmoja wa kuunga mkono ombi la msamaha? Jalada halina mstari kama huo kutoka kwake.

Na watetezi wake wenyewe ndio walioleta ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya jibu hilo. Walisema, na walikuwa na sababu ya kusema, kwamba Filbinger alimsaidia kasisi wa jeshi aliyeitwa Möbius, aliyekuwa amehukumiwa kifo: alisukuma kesi isikilizwe upya, na kasisi akaachiwa huru. Walitaja pia kesi ya afisa mmoja, Forstmeier, ambaye kwa maelezo yao alinusurika kwa sababu Filbinger aliichelewesha kesi yake. Tuseme yote hayo ni kweli. Basi Filbinger alijua mlango uko wapi! Alijua kesi inavyorudishwa nyuma, alijua jinsi ya kuvuta muda, alijua nani wa kumwandikia. Kwa kasisi alijua. Kwa afisa alijua. Kwa baharia wa kawaida mwenye kumbukumbu mbaya za nidhamu, ujuzi huo ulikwenda wapi?

Vita vikaisha. Kazi ya mahakama haikuisha. Waingereza waliochukua Norway waliwaacha maofisa wa Kijerumani waendelee kusimamia nidhamu ndani ya kambi za mateka, na majaji wakaendelea kukaa vitini. Baharia mmoja, Petzold, alikataa amri, akang'oa alama za swastika kwenye sare yake na kuwatukana wakubwa wake kwamba ni mbwa wa Kinazi na siku zao zimekwisha. Hitler alikuwa amekufa tarehe 30 Aprili. Tarehe 1 Juni 1945 jaji Filbinger alimhukumu Petzold miezi 6 jela, na katika maelezo ya hukumu akaandika kwamba mshtakiwa ameonyesha kiwango kikubwa cha kuporomoka kwa msimamo.

Msimamo gani huo, Juni 1945? Kwa nani? Dola lenyewe halikuwepo tena.

Kesi ya Gröger inaweza kuelezwa kwa hofu. Mwanasheria wa miaka 31 anayepinga amri mwanzoni mwa 1945 angeweza kujiweka hatarini, na mimi simlaumu mtu kwa kuogopa. Kesi ya Petzold haielezeki hivyo. Hapakuwa na wa kumwogopa. Mkono ulikuwa umezoea kuandika, ukaendelea kuandika.

Baada ya hapo alifungua ofisi ya uwakili Freiburg, akaingia CDU mwaka 1951, akawa diwani, mwaka 1960 akawa waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, na mwaka 1966 akamrithi Kurt Georg Kiesinger, ambaye alikwenda Bonn, mji mkuu wa wakati huo, kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali ya nchi nzima. Kiesinger naye alikuwa mwanachama wa Nazi tangu 1933. Sitaki kukaa sana hapa, ila mjue kwamba Filbinger hakuwa peke yake, na kwamba kwa miaka ishirini na zaidi hakuna aliyemuuliza kwa dhati.

Hata hivyo, yeye alikuwa akiwauliza wengine. Januari 1972 kansela Willy Brandt na mawaziri wakuu wa majimbo walipitisha uamuzi wa kuwachuja wanaoomba kazi za serikali, na Filbinger alikuwa mmoja wa waliousimamia kwa ukali zaidi. Nchi nzima watu takriban milioni 3.5 walichunguzwa. Vijana waliotaka kufundisha, au hata kuendesha treni, waliitwa kueleza walihudhuria mkutano gani na walitia saini waraka gani walipokuwa wanafunzi. Makaratasi ya vijana hao yalisomwa mstari kwa mstari. Ya waziri mkuu yalikuwa kabatini huko Kornelimünster, karibu na Aachen, katika tawi la hifadhi ya nyaraka ya taifa.

Mwaka huohuo wa 1972 jarida la Der Spiegel liliandika kuhusu kesi ya Petzold. Filbinger akashtaki na kushinda sehemu, kwa sababu maneno ambayo Petzold alidai kuyasikia kutoka kwake hayakuthibitika. Moto ukazimika. Kisha, tarehe 17 Februari 1978, mwandishi Rolf Hochhuth akachapisha katika gazeti la Die Zeit sehemu ya riwaya aliyokuwa akiiandika, na ndani yake akamwita Filbinger mwanasheria wa kutisha aliyemwandama baharia kwa sheria za Kinazi hata baada ya Hitler kufa. Akaongeza kwamba mtu huyu yuko huru kwa sababu tu waliomjua wamenyamaza.

Filbinger angeweza kunyamaza. Angeweza pia kusema: nilikuwa pale, nilifanya hivi, najuta. Alikwenda mahakamani. Na hapo, ndugu zangu, ndipo alipojichimbia shimo, kwa sababu kesi inahitaji ushahidi, na ushahidi ukawapeleka watu Kornelimünster. Petzold alikuwa anajulikana tayari. Kabatini mlikuwa na Gröger.

Mahakama ya Stuttgart ilitoa uamuzi tarehe 13 Julai 1978. Hochhuth alizuiwa kurudia dai la mwisho, kwamba Filbinger yuko huru kwa sababu ya ukimya wa wengine. Maneno "mwanasheria wa kutisha" aliruhusiwa kuendelea kuyatumia, kwa kuwa ni maoni yenye msingi katika ukweli unaojulikana. Katika Ujerumani maneno hayo yanaishi hadi leo, na wanayatumia hata watu wasiojua yalitoka wapi.

Wakati kesi ikiendelea, Filbinger alikuwa akitoa kauli. Alisema kwamba alipokuwa jaji hakuwahi kutoa hukumu hata moja ya kifo. Mei 1978 Der Spiegel likachapisha kauli yake iliyomponza kuliko zote: kwamba kilichokuwa haki kisheria wakati ule hakiwezi kuwa dhuluma leo. Alilalamika kwamba ameeleweka vibaya, kwamba alizungumzia sheria ya kijeshi ya tangu mwaka 1872, iliyotungwa kabla Wanazi hawajakuwepo. Maelezo hayo yalichelewa, na hayakugusa kiini. Sheria ya kutoroka jeshini ilikuwepo pia katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika vita hivyo mahakama za kijeshi za Ujerumani zilitoa hukumu za kifo 150, na watu 48 wakauawa. Katika ile ya pili wanahistoria wanakadiria hukumu 30,000, na waliouawa karibu 20,000. Hesabu hiyo iliongezwa na watu walioketi kwenye viti.

Kisha Julai zikaibuka hukumu nyingine. Aprili 1945, akiwa jaji, Filbinger alikuwa amewahukumu kifo mabaharia waliokimbilia Sweden, bila wao kuwepo mahakamani. Sasa kauli yake kwamba hakuwahi kutoa hukumu ya kifo ilikuwa imevunjwa na saini yake mwenyewe. Alijibu kwamba zile zilikuwa hukumu hewa, hazikumdhuru mtu, na alikuwa amezisahau. Ni kweli hazikumuua mtu. Ila jiulizeni: jaji anasahauje kwamba alihukumu kifo? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Erhard Eppler, kiongozi wa chama cha upinzani cha SPD jimboni, alisema mtu huyu ana dhamiri safi kiasi cha ugonjwa. Na CDU yenyewe, iliyokuwa imemtetea kuanzia Februari, ikachoka: kila alipotoa maelezo, wiki iliyofuata karatasi jipya liliyabatilisha. Tarehe 7 Agosti 1978 akajiuzulu, akisema ametendewa dhuluma kubwa. Alijizungumzia yeye mwenyewe.

Mtasikia watu wakisema kwamba mambo haya yote yalipikwa na idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki. Maofisa wawili wa zamani wa idara hiyo walidai miaka ya tisini kwamba walikuwa na mkono katika kampeni dhidi yake. Ikiwa mtawaambia jambo moja tu watu hao, waambieni hivi: jalada la Gröger lilitoka katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani Magharibi, na Filbinger mwenyewe hakukana kwamba saini ni yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika majira yote yale ya 1978 watu walibishana kuhusu waziri mkuu: abaki au aondoke, amesema nini, amesahau nini. Gröger alikuwa hoja tu ya kumpigia mwenzake. Hukumu yake ilikuwa bado halali! Katika vitabu vya sheria vya Ujerumani ya kidemokrasia, baharia yule alikuwa bado mhalifu aliyehukumiwa kwa haki. Hakuna hata jaji mmoja wa jeshi la Hitler ambaye mahakama za Ujerumani Magharibi zilimtia hatiani, kwa hukumu isiyotenguliwa, kwa sababu ya hukumu za kifo alizotoa. Watoro walionusurika waliitwa waoga, na wajane wao walihangaika kutafuta pensheni.

Kilichobadilisha hali ni kazi ya miaka mingi ya watu wachache. Ludwig Baumann, baharia mwingine aliyetoroka, alihukumiwa kifo Bordeaux mwaka 1942, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa miaka 12. Mwaka 1990 aliunda chama cha waathirika wa mahakama za kijeshi za Wanazi, wakati wengi wao wakiwa wazee. Aliandika barua, akasimama bungeni kwenye vikao vya kamati, akatukanwa, akarudi tena. Sheria ya mwaka 1998 ilifuta hukumu nyingi za Kinazi lakini watoro wakaachwa nje, kila mmoja atazamwe peke yake. Mei 2002 bunge likaongeza watoro, kwa jumla, bila kumtaka mtu athibitishe chochote. Hapo ndipo hukumu ya Walter Gröger ilipofutwa, miaka 57 baada ya risasi. Waliohukumiwa kwa kosa lililoitwa usaliti wa kivita walisubiri hadi Septemba 2009. Baumann aliishi akayaona yote mawili. Alifariki mwaka 2018.

Filbinger naye alikuwa hai mwaka 2002. Mwaka 2004 chama chake jimboni kilimtuma Berlin akiwa mmoja wa wajumbe wa kumchagua rais wa nchi. Alifariki tarehe 1 Aprili 2007 akiwa na miaka 93. Kwenye ibada ya mazishi, katika kanisa kuu la Freiburg, waziri mkuu wa jimbo wa wakati huo, Günther Oettinger, alisema Filbinger hakuwa Mnazi, alikuwa mpinzani wa utawala ule, na kwamba hakuna mtu aliyepoteza maisha kwa hukumu yake. Sentensi ya mwisho imepangwa kwa ujanja: hukumu ya Gröger kweli ilitolewa na jaji mwingine. Ombi na amri hazikutajwa. Waathirika wakapiga kelele, Baraza Kuu la Wayahudi likapinga, kansela Angela Merkel akamkosoa hadharani, na siku tano baada ya mazishi Oettinger akaifuta kauli yake.

Najua swali la kwanza mtakaloniuliza: je, Filbinger alikuwa Mnazi wa moyoni au mtu wa kufuata upepo? Mimi nadhani alikuwa Mkatoliki wa kihafidhina aliyependa utaratibu na kupanda cheo, na nadhani hakumpenda Hitler. Mnaweza kunipinga, tunao muda wa kutosha. Ila anayetaka kumtetea nitamwomba aanze na amri ya tarehe 15 Machi 1945. Asanteni, maswali sasa.